Karatasi ya Wodini Niliyomficha Dada

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kutazama saa ya ukutani nione kama muda wa kuchota maji unatosha kabla sijakaa kujisomea. Ndipo dada Minza akaingia kutoka kliniki, akaegemea mlango, akaniuliza iko wapi ile karatasi. Nikamjibu sijaiona.

Mwanangu, bado uko tumboni mwa dada yangu na mimi nina miaka kumi na saba tu, lakini nakuita mwanangu. Mtoto wa dada ni mtoto wako, ndivyo tulivyolelewa, na mimi ndiye mama yako mdogo. Kwa mdomo siwezi kuyasema haya, maana hata wageni nawasalimia kwa sauti ya chini mpaka wanadhani nina kiburi. Kwa hiyo nayaandika humu daftarini, uyasome siku ukifika umri wangu.

Kwanza uijue karatasi yenyewe. Dada yako Neema hakuzaliwa kwa njia ya kawaida. Mama yako alifanyiwa upasuaji, na siku ya kutoka wodini walitupa karatasi ya ruhusa iliyoandika walichokifanya. Muuguzi alinipa mimi, kwa kuwa nilikuwa na sare ya shule. Mimi ndiye niliyelala sakafuni karibu na kitanda chake, nikafua, nikamshika mkono akijifunza kutembea tena. Karatasi niliitia chini ya gazeti nililofunikia daftari langu la Jiografia. Katika nyumba hii ya Butimba karatasi zote natunza mimi, kwa sababu ndiye ninayesoma.

Neema hajafikisha mwaka mmoja na nusu na wewe uko njiani. Jumapili iliyotangulia akaja Kabula, dada wa baba yako, ametoka Magu na gunia la mchele. Kwa siku mbili tu alichukua kila kilichokuwa changu. Nywele za dada nilikuwa nasuka mimi, akazisuka yeye. Kitandani nilikuwa nalala pembeni ya Neema, sasa nalala kwenye mkeka. Wanacheka kwa Kisukuma, na mimi niliyekulia mjini naipata nusu ya utani, nusu nyingine inanipita. Kabula akasema, huku anapepeta mchele, "Wifi, mimi watoto watatu, wote kwenye ngozi ya ng'ombe kwa mama. Wembe niliuona wakati wa kukata kitovu tu. Ninyi wa mjini nyonga nyembamba, mnazalia mezani."

Dada akacheka, ila niliona alivyojifunika tumbo kwa kanga. Maneno hayo ameyasikia tangu Neema azaliwe. Ndiyo maana aliapa kwamba safari hii hakatwi. Kisha akasema kwamba siku ya uchungu ataandamana na Kabula, kwa sababu aliyezaa ndiye anayejua, na mimi nina shule. Alilisema hivyo hivyo tu, anachambua mchicha. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikarudi nikasema moshi umeniingia machoni.

Sasa siku ile ya Jumanne, mkunga wa kliniki alikuwa amemwambia waziwazi asijaribu kuzalia nyumbani, maana kovu la ndani linaweza kuachia, na likiachia mnaondoka wote wawili, mama na mtoto. Akamwagiza aende kesho yake kwa daktari wa hospitali na ile karatasi ya upasuaji. Alama ya nje ya tumbo haionyeshi ndani walikata vipi. Bila karatasi, daktari huenda asikubali ajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, atampangia tu siku ya kupasuliwa.

Dada alitusimulia haya yote pale mlangoni, mwanangu, ndipo nikasema sijaiona. Sikutaka mtu afe. Nilipiga picha kichwani: atapasuliwa tena, atahitaji mtu wa kumkalia wiki nyingi, Kabula atarudi kwenye mpunga wake, nami nitaitwa. Hivyo ndivyo wivu ulivyonipangia mambo, na mimi niliuona mpango mzuri.

Dada hakugombana. Akasema, "Basi. Kama ni kukatwa tu, kesho naondoka na wifi. Nitazalia kwa mama mkwe." Kabula akasema afadhali, na mama yake anayo dawa ya kuharakisha uchungu. Dada akatoa begi, akaanza kukunja nguo zako za mtumba, zile alizochagua moja moja sokoni.

Nilisimama pale nikitazama soksi zako zinaingia begini. Mpango wangu haukuwa na Magu ndani yake. Jua lilikuwa bado halijazama nilipolileta daftari la Jiografia na kulichana gazeti mbele yao. Karatasi ikatoka imejikunja.

"Kumbe ulikuwa nayo," Kabula akasema.

Dada hakuichukua. Aliniangalia mimi. "Nkwimba, ulikuwa unataka nini?"

"Nilitaka uniite mimi."

Neema alikuwa anamvuta kanga, dada akambeba. "Ungesema, mjinga wewe," akasema. "Mdomo si unao?" Akaichukua karatasi, akazitoa nguo begini. Jioni ile hakunisemesha tena, na sikumlaumu.

Asubuhi ya Jumatano tulikwenda hospitali sote watatu, Neema akiwa mgongoni kwa Kabula. Daktari ni mama wa makamo. Tukampa shikamoo, akaitikia huku anasoma. Akasema Neema alikuwa amelala tumboni kwa kukingama, ndiyo sababu ya kupasua, na nyonga za dada hazina kosa lolote. Dada akamwomba arudie. Kabula akawa anatazama sakafu. Daktari akaeleza kwamba ndani walikata chini, kwa upana, na mkato wa aina hiyo unamruhusu mtu kujaribu. Lakini kovu bado changa, angependa lingepumzika zaidi, kwa hiyo hatari ipo na hataificha. Ajaribu hapo hapo hospitali tu, karibu na chumba cha upasuaji, asisafiri, asiguse dawa ya kuharakisha uchungu, na aje uchungu unapoanza tu.

"Na nikiona mambo yanaharibika nikisema tunapasua, usiniambie tungoje kikao cha ukoo."

Dada akauliza taratibu, "Na nikipasuliwa?"

"Utakuwa umezaa."

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiona wivu unakupanda, useme ukiwa bado maneno, hata kama sauti inakwama, hata kama watakucheka. Usiungoje uwe kitendo, maana kitendo hakikuulizi kinakwenda wapi. Na kama ni msichana, ukija kuwa mama, waachie mapumziko marefu watoto wako wasifuatane kama sisi tulivyokuacha ufuatane na Neema, karatasi zako uzijue mwenyewe, na asikudharau mtu kwa mlango ambao mtoto wako alipitia. Mungu akufikishe salama, akulindie mama yako, akupe ndugu wa kukupenda na moyo wa kutosheka nao.

Lililobaki ni nililolifanya asubuhi hiyo tulipotoka kwa daktari. Dada alikwenda kupimwa damu, nikabaki na Kabula kwenye benchi. Kabula aliishia darasa la nne, anasoma kwa kufuata kidole. Kwa kuwa siku ya uchungu yeye ndiye atakayekuwa na dada, nikamfundisha dalili alizotaja daktari: maumivu ya kovu yasiyoachia hata uchungu ukitulia, damu, mtoto kutulia ghafla. Akiona mojawapo amwite muuguzi hapo hapo. Alinirudishia mara tatu bila kukosea. Kisha nikampa karatasi mkononi, nikaondoka kwenda shule.