Friji ya Kisiwani

Majirani zangu wa Kiseke huniuliza ilikuwaje mtoto wa wafugaji wa Kwimba akaishia kufanya kazi ya chanjo katika nchi nyingi hivi. Wanategemea nitaje vyeti. Huwa nawaambia ukweli, kwamba ilianza na safari ya siku moja ziwani, na kwamba safari nzima niliogopa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, maduka ya Mabatini yamejaa redio na vitenge vya kutoka nje, lakini zahanati za serikali zilisubiri wafadhili kwa kila kitu, hata mafuta ya taa. Mimi nilikuwa mratibu wa chanjo wa mkoa. Bwana Anders, ofisa wa shirika moja la wafadhili, alikuja kukagua zahanati ya kisiwani, na nilijua kwamba akiridhika atanipendekeza kwa kazi makao makuu yao Ulaya. Nafasi ile nilikuwa nimeiombea hadi kanisani. Kisiwa chenyewe sitakitaja, maana wenyewe bado wapo.

Saa kumi na mbili asubuhi tulishuka ufukweni Igogo. Sijui kuogelea. Kwetu maji ni ya kunyweshea ng'ombe, na hayapiti magoti. Boti ilipoanza kurukaruka nilishika ubao wa pembeni kwa mikono miwili.

"Mama, usiangalie maji," alisema Mzee Magesa, nahodha wetu. "Angalia kule tunakokwenda."

"Huko nako sioni kitu."

"Basi fumba macho. Nitaona mimi kwa niaba yako."

Bwana Anders, aliyejifunza Kiswahili Morogoro, alicheka sana. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka.

Saa tano tulifika. Kina mama walikuwa wamejaa barazani na watoto wao, wengine wametembea tangu alfajiri. Muuguzi Veronika, mtu mzima kuliko mimi, alitupokea akiwa na sare iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mratibu. Karibuni sana. Tunawangoja tangu juzi."

Friji ya mafuta ya taa, ile ambayo moto wake ukiongezwa ndipo baridi huzidi, ilikuwa chumba cha nyuma, imefutwa mpaka inang'aa. Juu yake ukutani ilibandikwa karatasi ya joto, ambamo muuguzi huandika kipimo cha friji asubuhi na jioni. Kila kisanduku kilikuwa na nne, joto linalotakiwa hasa. Bwana Anders akaipiga picha. "Kazi nzuri," aliniambia mimi, si Veronika, na nikaanza kujiona Ulaya.

Kisha nikaona kisanduku cha jioni ya siku ile ile. Nacho kilikuwa na nne, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Nikafungua friji kama mtu anayekagua tu. Kipimajoto hakikuwamo. Nikatoa kichupa cha chanjo ya dondakoo na pepopunda, nikakitikisa, nikakiweka mezani. Chanjo nzima hukaa na weupe wake kwa muda mrefu. Iliyoganda ikayeyuka huanza kutengana, chembechembe zikashuka chini. Hii ilishuka huku naitazama. Chanjo ya namna hiyo haimdhuru mtoto, ila haimkingi.

Barazani, mama wa kwanza alikuwa ameshamfunua mwanawe paja. Sindano ingeingia, mtoto angelia, kadi ingeandikwa, picha ingepigwa, nami ningepata kazi yangu. Asingejua mtu, mpaka siku dondakoo lingeingia kisiwani. Nasema wazi kwamba niliwaza kunyamaza, tena si kidogo.

"Dada Veronika," niliita. "Moto wa friji nani kauongeza?"

"Mimi, jana. Nilisikia mgeni anakuja, nikasema asije akakuta haina baridi."

"Na kipimajoto?"

"Si kilivunjika wakati wa masika?"

Bwana Anders aligeuka. "Sasa hizi namba zimetoka wapi?"

Veronika alinigeukia mimi, na mambo ya mratibu yakaishia hapo. "Mdogo wangu, si nilikuletea karatasi yenye nafasi wazi? Ukanirudishia mara mbili. Ukaandika kwa kalamu nyekundu, ijazwe yote. Basi nikajaza."

Nilikumbuka hata mstari niliopiga chini ya neno "yote". Ningeweza kukana. Karatasi ile haikuwapo pale, na neno la mratibu wa mkoa lingemshinda muuguzi wa kisiwani.

"Ni kweli, nilizirudisha mimi," nikasema. "Leo asichomwe mtoto."

Nilitoka mwenyewe kuwaambia kina mama warudi makwao. Mmoja alinisonya mbele ya mgeni, na sikumlaumu.

Saa tisa alasiri tuliondoka, upepo ukiwa umekaza. Bwana Anders aliandika magotini njia nzima. "Nitaeleza nilichokiona," alisema. "Eleza," nikamjibu, na nilijua nafasi imekwenda. Kweli alipewa mwingine. Yangu ilikuja miaka mingi baadaye, kwa shirika jingine.

Jioni sikwenda nyumbani. Nilikwenda ofisini, nikafungua kabati nililolionea fahari, lenye karatasi za joto za zahanati zote za mwambao na visiwani. Nikazitandaza mezani. Hapakuwa na kisanduku kitupu hata kimoja. Nne, nne, nne, kila mahali. Ziwani nilikuwa nimejiogopea mwenyewe tu. Pale mezani niliwaogopea watoto nisiowajua hata kwa majina, na hofu hiyo ndiyo niliyokwenda nayo kila nchi. Mpaka leo karatasi yenye nafasi wazi hunipa moyo kwamba mtu amesema kweli.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili, nilikuwa tena Igogo na mkoba wa vipimajoto vilivyokuwa vimelala stoo mwaka mzima.

"Mama, umerudi?" Mzee Magesa alishangaa. "Leo zahanati gani?"

"Zote," nikamwambia, nikapanda, nikashika ubao kwa mikono miwili.