Radhi za Kwendea Ngazija

Mwanawema wa Mtambile alichoka kabla ya kusafiri. Wengine huchoka njiani, wengine wakishafika. Yeye alikwisha kwa matayarisho tu, hata bandarini Mkoani hajafika. Ungemwona siku zile amekaa barazani, mkono mmoja umeshika bega lililochomwa sindano na mwengine umeshika simu, ungesema huyu ndiye anayerudi, siye anayekwenda.

Alikuwa anakwenda Ngazija, visiwani Komoro. Binti yake wa pekee, Suhaila, aliolewa na kijana wa huko aliyekuja Unguja kusoma, akachukuliwa Moroni, na sasa ana mimba ya kwanza. Kwa Wapemba mimba ya kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama. Mtoto wa kike hurudi kwao, akajifungua, akakandwa maji ya moto, akafungwa tumbo, akanyweshwa uji wa pilipili manga mpaka arubaini yake itimie, ndipo mume akaja kumchukua na kichanga chake. Lakini Suhaila alipandwa na presha, na daktari akamkataza chombo cha baharini na cha angani. Basi kama mzazi haji kwa mama, mama atamfuata mzazi. Suhaila alisema maneno mawili tu kwenye simu, "Mama, naogopa," na Mwanawema akajibu kwamba anakuja, kabla hajajua Ngazija watu huendaje.

Akaja kujua. Alijua kuwa pasipoti ina picha, na picha ina masharti yake, mtandio usogee nyuma kidogo, uso usicheke, kana kwamba alikuwa na la kuchekea. Alijua benchi la ofisi lipi hupigwa jua asubuhi na lipi hupigwa mchana, maana yote mawili aliyakalia. Aliambiwa asiende bila kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, na kwamba chanjo hiyo huchomwi leo ukaondoka kesho. Lazima ikae mwilini kwanza. Alichomwa, akarudi nyumbani na homa, akajinyoosha kitandani kidogo, kisha akainuka kwenda kumbadilisha mama yake nguo.

Maana mama yake ndiye aliyekuwa mzigo mkubwa wa safari ile, na mzigo huo haukuwa wa kubeba, ulikuwa wa kuacha. Bi Mwanabaraka alikuwa mwanamke wa sauti na amri zake, aliyesimamia wachumaji karafuu wa mume wake na hakuna aliyethubutu kumchezea. Sasa kalala kwenye chumba cha mbele, kaisha, anaogeshwa na kulishwa, na akili imemtoka kidogo kidogo. Nyimbo za harusi za utotoni anazikumbuka zote. Aliyemlisha asubuhi hamkumbuki.

Kwa mama huyu, Mwanawema alikuwa Mwanamize. Mwanamize alikuwa jirani yao, mwanamke mwema aliyekufa zamani, Mungu amrehemu. Kila Mwanawema akiingia na beseni la maji, mama yake humkaribisha kwa jina hilo, na kila akimfuta mgongo humtolea malalamiko yale yale.

"Weye Mwanamize una imani," humwambia. "Si kama yule mwanangu. Mwanawema kanisahau. Hata kuja kun'tazama haji."

Mwanzo Mwanawema alikuwa akikataa. Akisema mimi ndiye Mwanawema, mama, nitazame, na mama humtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenziwe anajipendekeza. Baadaye aliacha. Alikuwa akiitika "Naam, Bi Mwanabaraka," akikunja nguo chafu, akitoka nje kuzifua, na huko kisimani akilia au asilie, kutegemea siku. Usidhani alikuwa malaika. Ziko siku alimsugua mgongo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akajuta kabla sabuni haijakauka.

Sasa hapa ndipo safari ilipokwama. Pasipoti ilipatikana, kadi ya njano ilipatikana, tiketi mkwe alituma kwenye simu. Kilichokosekana ni radhi. Mtu wa Pemba hatoki kwenda nchi ya mbali bila ya kupita kwa wakubwa wake kuomba radhi, na mkubwa wa kwanza ni mama. Unakaa chini miguuni pake, unamshika mkono, unamwambia mama nasafiri, niwie radhi. Akishasema nimekuwia radhi, mwanangu, nenda salama, hapo ndipo unapoinuka ukawa msafiri. Bila ya hayo wewe ni mtoro tu mwenye pasipoti. Mwanawema aliyaamini hayo kama anavyoamini kuwa jua linatoka Kojani. Alikuwa anakwenda kumpokea mjukuu, na presha ya binti yake imepanda. Safari kama hiyo hakuwa tayari kuianza na kasoro.

Basi akawa anaomba. Kila siku akimaliza kumwogesha mama yake na kumpaka mafuta, hukaa chini miguuni pake.

"Mama, nakwenda Ngazija kwa Suhaila. Niwie radhi."

"Nani anakwenda?"

"Mwanawema."

"Basi aje mwenyewe," Bi Mwanabaraka husema, na sauti yake ya zamani ikamrudia. "Mwambie aje hapa nimwone kwa macho yangu. Radhi za mwanangu sikupi weye Mwanamize ukampelekee."

Ndivyo ilivyokuwa leo, ndivyo ilivyokuwa kesho yake. Siku moja Mwanawema alijifunga kanga aliyokuwa akiipenda mama yake, akajipaka wanja kama alivyokuwa akijipaka usichana wake, akaingia tena chumbani upya kabisa kama mgeni. Mama yake aliisifu kanga, akamuuliza kaazima kwa nani.

Alikwenda kwa Shehe Othman, imamu wa msikiti wa karibu nao, akaeleza yote. Shehe alimsikiliza vizuri, akamwambia kuwa mtu aliyeondokewa na akili haandikiwi wala hadaiwi, na kwamba Mungu anajua mikono gani imemwosha mama yule miaka yote hii.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Huna la kuogopa."

"Ahsante, Shehe," alisema Mwanawema, akarudi nyumbani anaogopa vile vile. Maneno ya shehe yalikuwa ya kweli na aliyakubali, lakini hayakutoka kwenye kinywa alichokuwa akikitaka.

Huku nyuma mji mzima ulikuwa unasafiri naye. Jina la Ngazija lilipotajwa, kila mtu alikumbuka ana jamaa huko. Walikuja na mifuko ya karafuu, na chupa za samli, na salamu ambazo zilikuwa nzito kuliko samli. Mzee Jaribu, anayekaa nyumba ya nyuma, alileta pweza mkavu aliyefungwa vizuri kwa gazeti, ampelekee binamu yake aliyehamia huko wakati wao vijana.

"Anakaa mji gani, Mzee Jaribu?"

"Huko huko Ngazija. Si kubwa, utamuuliza mtu."

Mwanawema hakuwa na nguvu ya kubishana, alimpokea pweza. Mizigo yote aliipeleka dukani kwa jirani ikatundikwa kwenye mizani ya karafuu, na mizani ikasema imezidi kilo za tiketi. Akatoa nguo zake mwenyewe. Mdalasini, liwa, udi, mikanda ya kumfungia mzazi tumbo, hivyo hakuvigusa. Pweza alimrudisha ndani na kumtoa mara kadhaa, mwisho alibaki ndani, kwa sababu mzee yule angemuuliza.

Siku moja kabla ya safari akaja kaka yake Haidar kutoka Makangale, pamoja na mkewe, Shadya, atakayebaki na mgonjwa. Haidar alikuwa mtu mzuri wa mbali. Hutuma samaki, hutuma mhogo, hupiga simu kila Ijumaa, na akija hukaa mlangoni mwa chumba cha mama yake kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Hakupata hata mara moja kumgeuza mama ubavu. Shadya alikuwa mwepesi wa mkono na hana maneno mengi, na Mwanawema alimshukuru Mungu kwa hilo. Alimwonyesha kila kitu: maziwa yapoe kiasi gani, bega gani linauma, mkojo ukichelewa afanye nini. Alipokuwa akieleza aligundua kuwa haelezi tu kazi, anaeleza maisha yake mwenyewe yalivyokuwa yote miaka ile, na yameishia katika mazungumzo ya muda mfupi jikoni. Alihisi uchovu wa mtu aliyepita njia ndefu akatazama nyuma akaona alikotoka bado kunaonekana.

"Keshakupa radhi?" Haidar aliuliza, kwa sababu na yeye ni mtoto wa nyumba ile.

"Bado."

"Ah. Shehe kasema hapana haja."

"Nimesikia alivyosema Shehe."

Asubuhi ya safari gari ya kukodi ilikuja mapema, dereva akakaa ndani yake bila ya kupiga honi, akijua nyumba ina mgonjwa. Meli ya Unguja haimngoji mtu. Haidar alipakia mizigo. Mwanawema alikuwa ameshavaa buibui, akasema anaingia kumchana mama nywele tu, mara moja. Nywele zilikuwa zimebaki chache, nyeupe na laini. Alizichana polepole, akiwa ameshaamua kuwa leo haombi tena, ataaga kwa Mwanamize na aende zake.

"Mwanawema," mama yake alisema. "Mbona umekonda hivyo?"

Kitana kilisimama. Mwanawema alizunguka akaja mbele, akapiga magoti. Macho ya Bi Mwanabaraka yalikuwa juu yake, na safari hii yalimfikia.

"Mama. Wanijua?"

"N'sikujue? Nimekuzaa mie." Alinyoosha mkono akamgusa shavu. "Suhaila yuwapi?"

"Kaolewa, mama. Yuko kwa mumewe."

"Aa, n'akumbuka. Yule kijana mrefu, hanyamazi."

Ni kweli mkwe alikuwa mrefu, na hanyamazi. Hiki ndicho alichokiomba kwenye sala zake zote, mama yake arudi, dakika moja tu ingetosha, na dakika yenyewe ndiyo hii. Alikuwa miguuni pake, mkono ameshaushika, kila kitu kilikuwa tayari. Limebaki neno lenyewe.

Ndipo akaona kitu ambacho siku zote hakukiwazia. Mama aliyekuwa akiombwa siku zote hizo hakuwa na uwezo wa kumpa radhi, lakini pia hakuwa na uwezo wa kumnyima. Huyu aliyeko mbele yake sasa ana vyote viwili. Huyu ni Bi Mwanabaraka mwenyewe, na amemwona mwanawe baada ya kumngoja muda mrefu, na vidole vyake vimeuzunguka mkono wa mwanawe vimebana. Mwanawema alivitazama vidole vile akajua jibu litakuwa usiende. Na akilisikia jibu hilo kwa masikio yake, hakuna shehe atakayeweza kulifuta, na Suhaila atazaa peke yake katika nchi ya watu.

"Umevaa buibui," mama yake alisema. "Wenda wapi?"

Mwanawema alifungua mdomo. Maneno aliyoyazoea yalikuwa pale pale, niwie radhi, mama, yamechakaa kwa kusemwa. Aliyameza.

"N'enda sokoni, mama. Kutafuta samaki."

"Usikawie. Weye ukitoka hukawia."

"Sikawii."

"Sili mpaka urudi," alisema Bi Mwanabaraka, akamwachia mkono.

Mwanawema alimbusu kiganja, akamfunika miguu, akatoka chumbani kinyumenyume. Hakulia. Alijichukia kwa uongo ule, na papo hapo alijua kuwa akirudishwa chumbani atausema tena. Hilo ndilo lililomkalia kifuani kwa uzito, kuwa hata kujuta hakuweza kujuta kisawasawa.

Haidar alikuwa amesimama kando ya gari, mlango ameufungua. Aliuona uso wa dada yake.

"Kakujua?"

"Kanijua."

"Alhamdulillahi. Basi kakupa radhi."

Mwanawema alimgeukia Shadya, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha maziwa mkononi, akamsogelea karibu sana ili kaka yake asisikie.

"Mchana atakataa chakula," alimwambia. "Leo anamngoja mtu. Akikuita Mwanawema, itika."

Shadya alimtazama, akaelewa nusu, akaitikia kwa kichwa. Mwanawema aliingia garini na dereva akawasha.