Mwaka Kabula Aliponenepa

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule mdogo wangu Kabula alipoanza kunenepa, na sote nyumbani tukafurahi. Nalitanguliza hili kwa sababu nimechoka kusikia watu wa mjini wakisema wazazi wa kijijini hawakujali watoto wao. Tulijali sana. Kila jioni Bibi alimpakata Kabula, akambinya mashavu, akasema dawa imeshika.

Tulikuwa tukiishi Kigongo, enzi ambazo hakuna mtu tuliyemjua aliyekuwa akiwaza kuvuka kwenda Busisi kwa daraja. Magari yalipanga foleni kusubiri kivuko, abiria wakashuka na njaa zao. Mama alikuwa na banda la mabati kando ya foleni hiyo, anakaanga sato na kusonga ugali. Baba alikuwa kwenye kambi ya uvuvi kisiwani, tunamwona kwa nadra. Kwa hiyo mwenye kauli nyumbani alikuwa Bibi, mama yake baba, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu, aliyenipenda mno, na ambaye mpaka leo sijui nimkumbukeje.

Kabula alikuwa na mwaka na miezi kadhaa, ndiyo kwanza anatembea kwa kuyumbayumba, Mama alipopata mimba nyingine. Bibi aliitambua kabla Mama hajafungua mdomo. Siku hiyohiyo alimpaka Mama shubiri kwenye matiti, akasema maziwa sasa ni ya aliye tumboni na Kabula akiyanyonya atakuwa anakunywa sumu. Kabula alilia siku tatu. Siku ya nne alinyamaza, Bibi akasema ameshasahau.

Haukupita muda akaanza kuharisha na kukonda, ndipo neno lenyewe likatajwa uani: mtoto amebemendwa. Kwa asiyelijua, watu wetu huamini kwamba mtoto mdogo hudhoofu endapo mzazi wake ametoka nje ya ndoa, au wazazi wamerudiana mapema mpaka mimba ikaingia, kisha wakamshika mtoto huyo bila kutumia dawa. Ni neno zito. Likishatajwa, majirani hawamtazami tena mtoto, wanamtazama mama. Baba naye alikuwa kisiwani miezi na miezi, huko tusikokujua, lakini sikumbuki hata mtu mmoja aliyemnyooshea kidole yeye.

Bibi alichemsha mizizi, akamfunga Kabula kamba nyeusi kiunoni, akatoa masharti. Mama asimguse mtoto mpaka atakapojifungua. Asimbebe, asimwogeshe, asimlishe. Kabula naye asile samaki, maana wangemzidishia minyoo, wala asile mayai. Asubuhi apewe uji wa udaga, ule unga wetu wa muhogo uliovundikwa. Mchana na jioni, ugali wa udaga kwa mlenda.

Akaniita mimi, akanishika bega.

"Minza, wewe ndiye jicho langu. Mama yako akimbeba huyu mtoto, atamfia mikononi. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Kazi ile niliifanya vizuri, na hapo ndipo panaponiuma. Nilimbeba Kabula mgongoni tangu asubuhi, nikamlisha, nikamwogesha. Tukienda bandani alinyoosha mkono kuelekea sahani za abiria, nami nikauvuta. Siku moja aliwahi kunyakua kipande cha mkia wa sato kwenye beseni na kukitia mdomoni. Nilimshika taya, nikaingiza kidole, nikakitoa chote hadi miiba. Mama alikuwa amesimama pale na mwiko wake, akatutazama, kisha akageuza samaki waliokuwa kwenye karai.

Baada ya miezi miwili, mitatu hivi, Kabula akajaa. Miguu ilinona, mashavu yakawa ya duara. Nywele zake pia zilibadilika, zikawa nyepesi na nyekundunyekundu, na alikuwa hachezi tena. Ukimweka mahali, unamkuta palepale. Hayo tuliyaona bila kuyaona, kwa kuwa macho yetu yalikuwa kwenye mashavu. Majirani wakaja kumpongeza Bibi kwa dawa zake. "Huyu sasa ni mtoto wa bosi!" alisema mmoja, tukacheka. Mama naye alicheka, kwa mbali, mikono ameifunga nyuma.

Mchana mmoja akaja bandani mama mmoja aliyekuwa akisubiri kivuko. Mama yangu alikuwa ameshuka ziwani kuchota maji, nikamhudumia mimi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huyo ni mdogo wako?"

Nikasema ndiyo. Alisukuma sahani pembeni, akasema yeye ni muuguzi, akamwita Kabula. Kabula hakwenda, basi akamfuata yeye. Akambonyeza kwa dole gumba juu ya mguu, karibu na vidole, akahesabu kimoyomoyo, akatoa kidole. Shimo likabaki. Akabonyeza mguu wa pili, na huko shimo likabaki pia.

"Anakula nini huyu mtoto?"

Mbele yetu kulikuwa na beseni la sato waliokaangwa, limejaa. Niliona aibu. Ningemwambiaje mgeni kwamba mwanangu wa mgongoni, katika nyumba ya wakaanga samaki, anakula mlenda?

"Anakula samaki," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku. Na maziwa."

Alikunja uso, akaonekana kupotewa na kile alichokuwa akikifikiria. "Basi huenda ni figo," alisema. "Mwambie mama yako mtoto huyu hajanenepa, amevimba. Ampeleke hospitali akapimwe." Honi ya kivuko ikalia, akanawa haraka, akaondoka. Kama ningemjibu ukweli, nina hakika angekiacha kivuko kile.

Nilifikisha ujumbe kama nilivyopewa. Bibi alisema figo ni ugonjwa wa wazee, na kwamba mtoto aliyebemendwa akichomwa sindano hafiki jioni. Mama hakubisha. Alingoja siku kumi hivi, mpaka ngozi ya miguu ya Kabula ikaanza kubanduka, homa ikapanda, na uji akawa anautema. Asubuhi hiyo Mama alitoka jikoni, akamnyanyua Kabula mbele ya Bibi, akamfunga mgongoni kwa kanga, tumbo lake la miezi saba limetangulia mbele, akaelekea barabarani.

"Ukimbeba umemuua!" Bibi alipiga kelele. "Ukimbeba umemuua, mimi simo!"

Mama hakugeuka. Niliwakimbilia mpaka barabarani, nikasimama hapo hadi gari la Mwanza lilipowachukua.

Kabula alifariki hospitalini siku ya tatu, akiwa amepakatwa na Mama. Onyo la Bibi lilitimia neno kwa neno. Msibani hakuna aliyehitaji kulisema, na Bibi mwenyewe hakulisema, alilia tu mpaka sauti ikakauka. Mama aliamini. Alipojifungua mtoto wa kiume, alikuwa akimshika kwa woga, ananyonyesha huku anamtazama Bibi usoni kama anayeomba ruhusa.

Leo mimi ni mkufunzi wa wauguzi, na somo ninalofundisha ni lishe. Nikifika kwenye kubemenda wanafunzi hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza. Kisha nawaeleza kwamba mimba peke yake haiharibu maziwa ya mama. Kwamba udaga hushibisha lakini haumjengi mtoto, na kwamba dagaa wachache waliotwangwa, yai, maharage au karanga kwenye uji vinaweza kumwokoa. Kwamba mtoto akinenepa ghafla huku hachezi, mbonyeze mguu. Na kwamba ukiuliza "anakula nini," usiridhike na jibu la kwanza. Wanaandika, na kwenye mtihani wengi wanafaulu.

Mimi mwenyewe niliyajua haya nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Siku tuliyofundishwa nilifurahi, kweli kabisa nilifurahi. Mwisho wa wiki nikapanda gari hadi Buswelu, ambako Mama alihamia baada ya Bibi kufariki. Daftari nilikuwa nalo mkononi. Niliona nampelekea habari njema.

Nilimkuta barazani anachambua mchele. Sikungoja hata maji ya kunywa.

"Mama, hukumuua Kabula. Kumbeba hakukuwa na kosa lolote. Alikosa chakula cha kujenga mwili, basi."

"Chakula gani?"

Nikamsomea nilivyoandika: samaki, mayai, maziwa, maharage.

"Samaki," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Hawa niliokuwa nakaanga."

Hapo ndipo nilipoona ninachokifanya, na nilikuwa nimeshachelewa. Kwa kuhangaika nikamweleza na yangu, yale ambayo sikuwa nimemwambia mtu: yule muuguzi, swali lake, uongo wangu. Nilitaka anikasirikie. Nilitaka sehemu yangu ya lawama. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vimetulia kwenye ungo.

"Ulikuwa mtoto, Minza. Hukujua."

"Na wewe hukujua, Mama."

"Mimi nilikuwa mama yake."

Akaurudia mchele wake. Nilikaa naye mpaka giza likaanza kuingia. Kwa miaka yote ile alikuwa amebeba kosa lisilo lake, lakini alilibeba pamoja na Bibi, na majirani, na mila yote ya kwetu. Nililolileta mimi lilikuwa la kweli, na alibaki nalo peke yake. Mama mwenye mtoto aliye hai nitamweleza ukweli huo hata usiku wa manane, na sitajuta. Lakini kwa Mama yangu sijui ulimfaa nini. Anajua kwamba ninafundisha, huwaambia majirani kwa fahari, ila hajaniuliza hata siku moja ni somo gani.