Betri ya Eunice

Saa moja na nusu asubuhi, katika uwanja mdogo wa ndege karibu na Diani, Eunice Sanga anamimina mchanga mkavu kwenye ndoo nyekundu na kuisukuma chini ya meza ya ukaguzi. Humo ndimo zinamozikwa betri zilizovimba, maana zikishika moto angani hakuna pa kukimbilia.

"Watu hudhani nafurahia kuwanyang'anya," anasema akicheka. "Kwa siku nazuia vitu hata kumi na tano, na kila kimoja kina mwenyewe."

Mzaliwa huyu wa Samburu, Kinango, mwenye miaka thelathini na minne, yuko mwaka wa sita akikagua mizigo ya abiria mlangoni hapo. Kanuni anazijua kwa moyo: pawabenki haiingii kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, betri iliyovimba haipandi kabisa, na simu isiyowaka hurudi nyumbani. Kazi ni kumwambia mwenyewe. Mtalii atabisha kwa Kijerumani, bwana harusi ataapa kwamba spika yake ni ya kanisa.

Lakini kuna asubuhi moja ya mwezi uliopita ambayo haimtoki.

Bi Esha, mkulima wa mwani kutoka Kibuyuni, alikuwa anakwenda Nairobi kupasuliwa macho. Mkobani alikuwa na kabambe kuukuu, simu ndogo ya vibonyezo, betri imetuna hata kifuniko hakifungi. Simu iliingia maji, naye akaianika juani siku mbili pamoja na mwani wake.

"Shikamoo, mama. Hii haitapanda," Eunice alimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Niwachie tafadhali. Marehemu mume wangu yumo humo."

Sauti yake, yaani. Sekunde chache alizomrekodi kabla hajafariki. Kwa mtu ambaye macho yamefifia, picha haina kazi.

Msimamizi, Absalom, alitazama saa. "Betri izikwe. Na bila betri simu haiwaki, so haipandi. Eunice, usinianzie, ndege inangoja."

Eunice anakiri kwamba alihofia kazi yake. Ameshaonywa mara mbili kwa kuwaonea watu huruma, na onyo la tatu ni kufutwa. Akatoa mfukoni kabambe yake mwenyewe, ya aina ileile, akachomoa betri na kuipachika kwenye simu ya mama.

Ikawaka. Bi Esha akabonyeza kwa kupapasa.

"Esha we! Njoo ule, wali wapoa!"

Absalom alikohoa kidogo. "Inawaka," akasema. "Apite."

Eunice alikaa wiki mbili bila simu. Bi Esha aliporudi, alimletea betri yake na vipande viwili vya sabuni ya mwani, kisha akamshika mashavu na kumtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiwe huyu," alisema, na Eunice akalia mbele ya abiria.

Wiki ijayo ana mapumziko ya siku tatu. Atakwenda Samburu kwa mama yake, ambaye hajawahi kumrekodi hata neno moja.

"Kila jioni huwaita mbuzi wake kwa majina," anasema. "Nitamwomba aniite na mimi."