Nukta Tatu za Maalim

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile barua ilipofika katika duka letu la uchapaji pale Ukunda. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Barua ilitoka ng'ambo, kwa kampuni iliyotengeneza programu ya kompyuta niliyoitumia kupanga maandishi ya herufi za Kiarabu. Ilikuwa fupi. Ilisema programu ile haitatengenezwa tena, na ambaye ufunguo wake utaharibika hatapewa mwingine.

Ufunguo wenyewe ulikuwa kidude kama kidole gumba, kimechomekwa nyuma ya kompyuta. Pasipo kidude hicho programu haifunguki, na yote uliyoyaandika ndani yake hayasomeki kwa programu nyingine yoyote. Changu kilikuwa kimelegea, nimekifunga kwa uzi.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi ulikuja hapa nyumbani umenuna. Programu unayochorea nakshi zako imesitishwa, nawe umekaa wiki nzima unagombana na watu usiowajua kwenye simu. Nilicheka kidogo, uniwie radhi. Nilijicheka mimi.

Kazi niliyokuwa nayo siku zile ilikuwa kitabu cha Maalim Nassoro wa Msambweni, aliyenisomesha Kurani nikiwa mdogo. Alikuwa ameandika kwa mkono kitabu cha watoto wa madrasa, cha adabu na tohara na sala na dua, kwa Kiswahili chetu lakini kwa herufi za Kiarabu. Sasa, Kiarabu hakina pa wala va. Wazee wetu waliandika pa kwa herufi ya ba, na va kwa herufi ya fa, na msomaji akakisia mwenyewe. Mtu mzima hukisia. Mtoto hawezi. Kwa hiyo Maalim alizitia herufi hizo nukta tatu, ili mtoto asipotee. Programu yangu ilimruhusu mtu kuchora herufi yake mwenyewe, nasi tulizichora pamoja, yeye ameketi ubavuni mwangu akisema, "Ishushe kidogo hiyo, inaelea."

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nilipomaliza kukiingiza kitabu, nilimwambia maneno ambayo mpaka leo nayaombea msamaha: "Maalim, kalamu yako ya mwanzi sasa ipumzike. Kitabu kimo ndani ya mashine." Madaftari yake niliyaweka stoo, mvua ikayapata, wala sikushtuka. Kitabu kikabaki mahali pamoja tu duniani, nyuma ya kidude kilichofungwa uzi, na mwandishi wake hakuwa na macho ya kukiandika tena.

Nilipoisoma barua ile nilifanya nini? Nilikasirika. Niliungana na wenzangu wa Mombasa waliotumia programu ileile, watengenezaji wa kadi za arusi na vyeti, tukawaandikia wenye kampuni. Kisha nikawaandikia mimi peke yangu, tena na tena. Musyoka, fundi wetu wa kompyuta aliyetoka Ukambani, alikuwa akinitazama tu.

"Ustadh," aliniambia, "hao jamaa hata hawajui Ukunda iko wapi. Wewe print vitu vyako."

"Nitaprinti nikishajibiwa."

"Haya. Basi na mimi nitaoga mvua ikinyesha."

Jibu lilikuja, la mistari miwili: tumepokea maoni yako, tunakushukuru. Nikaja juu zaidi. Nikajaribu programu nyingine waliyotushauri tuhamie, nikapanga ukurasa mmoja upya na kuupeleka madrasa. Programu ile haikukubali herufi ya kujichorea, nikairudia ba na fa ya wazee. Siku ya pili alikuja Mwanasha, binti wa Maalim, aliyekuwa akiwasomesha watoto pale Msambweni. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Kaka, umeniletea mtihani. Baba ameandika, 'Vua viatu ukiingia msikitini.' Wewe umewapa watoto, 'Fua fiatu.' Mmoja amekuja na makubadhi mkononi ananiuliza sabuni iko wapi!"

Musyoka alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilicheka pia, kisha kicheko kikanikauka.

Nilikwenda Msambweni kumweleza Maalim jinsi tulivyodhulumiwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, "Umewaandikia barua ngapi?"

"Saba, Maalim."

"Na tangu ilipokuja barua yao, umechapa kurasa ngapi za kitabu?"

"Mmoja, Maalim. Ule wa 'Fua fiatu.'"

"Watu hao wamekutumikia miaka mitano," akasema. "Katika miaka hiyo, uliwaandikia barua ngapi za shukrani?"

Niliinamisha kichwa.

"Mashine ingali hai?"

"Ingali, Maalim."

"Basi hapa kwangu umefuata nini?"

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kwangu kama angepaza.

Nilirudi Ukunda mchana uleule. Kuanzia kesho yake nikawa nafungua duka baada ya sala ya alfajiri, na kuutoa ukurasa mmoja mmoja kwenye karatasi nzuri, tayari kwa mtambo wa kuchapia. Kila uzi ulipolegea Musyoka alikishika kidude kwa kidole, akinihimiza, "Songa, Ustadh, songa!" Kitabu kilikuwa na kurasa tisini na sita. Tulipoutoa wa themanini na nane, kioo kiliandika kwamba ufunguo haupo. Musyoka alilehemu, akasafisha, akakiombea kwa Kikamba. Kidude kilikuwa kimekufa.

Zilibaki kurasa nane, mlango wote wa dua. Nikabeba karatasi na wino nikaenda kwa Maalim. Sikuomba kingine ila kalamu yake ya mwanzi.

Alikuwa ameuhifadhi mlango ule moyoni. Akawa anasoma, nami naandika. Ukurasa wa kwanza niliurudia mara tisa. Hakuweza kuuona mwandiko wangu, kwa hiyo alinitaka nimsomee kwa sauti kila mstari, na kila nilipofika kwenye pa au va alinikatiza: "Nukta?"

"Tatu, Maalim."

"Haya, endelea."

Kitabu kilipotoka, Mwanasha alimweka mtoto mmoja mbele ya baba yake, amsomee. Mtoto akasoma, herufi kwa herufi: "Vua viatu ukiingia msikitini." Maalim alipapasa jalada kwa vidole, akatabasamu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sabuni haihitajiki tena."

Kitabu hicho kingali kinasomwa. Watoto huniuliza kwa nini kurasa nane za mwisho mwandiko wake unayumba, nami huwajibu kwamba ule ni mkono wa kijana mwenye kiburi akijifunza.

Mwanangu, lalamika. Ni haki yako, na walioamua wasikie. Andika barua moja, ya adabu, uwashukuru ndani yake kwa miaka waliyokufaa, kisha inuka. Maadamu mashine yako ingali inawaka, zitoe nakshi zako zote, uziweke pahali ambapo mtu mwingine yeyote anaweza kuzifungua. Daftari lako la penseli usilitupe kwa kuwa umepata kioo. Na kila wiki uchore kitu kimoja kwa mkono, hata kikiyumba, ili siku chombo kitakapokatika kazi yako ibaki na wewe.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuimaliza kazi uliyoianza, na mkono usiochoka. Akuwekee mtu wa kukuuliza umechapa kurasa ngapi. Na kila jambo lako alitie nukta zake zote, isipungue hata moja. Amin.