Pumzi za Afande Lanyero

Lanyero alistaafu upolisi akiwa bado anakimbia. Ujanani aliwahi kuwa kwenye timu ya riadha ya polisi, na hata baada ya kuvua sare, majirani wa mtaani kwake Makindye walimwona kila asubuhi akiteremka kilima na kukipanda tena bila kupunguza mwendo. Kwake, mwenye pumzi ana kila kitu. Wanaonyanyua vyuma uani kwa jirani yake Sadik aliwaita watu wa kujionyesha.

Kisha akafiwa na shemeji yake. Msibani wanawake walikaa mkekani kutwa, na wakati wa kwenda kaburini ulipofika wenzake wakainuka. Yeye magoti yakakataa. Akaushika ukuta, akajaribu tena, akarudi chini kwa kishindo. Binti yake Aber na mwanamke mwingine wakamshika makwapani. Asubuhi ileile alikuwa amekimbia mpaka Nsambya na kurudi.

"Ni uzee tu, mama," Aber alimwambia njiani.

Neno hilo lilimuuma kuliko magoti.

Msiba ulipokwisha akaenda kwa Sadik, Mnubi aliyestaafu jeshi, ambaye vyuma vyake vilikuwa mabomba yenye makopo ya zege kila upande. Alitarajia kuchekwa. Sadik akamletea kiti.

"Kaa, afande. Sasa simama bila kutumia mikono."

Akashindwa.

"Moyo wako ni wa msichana," Sadik alisema. "Mapaja ndiyo umeyasahau. Umri ukienda nyama zinapungua, na kukimbia peke yake hakuzirudishi."

"Kwa hiyo nimekimbia bure miaka yote hii?"

"Nani amesema bure? Mimi nikipanda ngazi natweta, na daktari ananigombeza kwa sababu ya presha. Lakini leo tuko kwenye miguu yako."

Lanyero akaanza na kiti hichohicho, kukaa na kusimama, kisha akiwa amekumbatia kidumu cha maji. Siku za mwanzo hata kuchuchumaa chooni kulimtoa machozi, na mara mbili alimtuma Aber akaseme ni mgonjwa. Sadik hakumfuata. Lanyero alirudi mwenyewe.

Mvua zilipoanza, Aber alimkuta akitoka getini na gunia la makaa begani.

"Lete, mama."

"Niache. Fungua mlango wa jikoni."

Sasa Sadik naye hutembea na Lanyero asubuhi. Wakifika penye mwinuko Sadik husimama kusalimia kila mtu, hata asiowajua, mpaka pumzi zimrudie. Juzi Aber alifuatana nao, na wakiwa mwinukoni akawauliza: kati ya kukimbia na vyuma, kama wangelazimika kuchagua kimoja, wangechagua kipi?

"Kukimbia," Lanyero alijibu papo hapo.

Sadik, akitweta, aliinua kidole aombe nafasi. Ilimchukua muda.

"Vyuma," alisema hatimaye.

Lanyero alicheka, akamngoja, kisha wakaendelea kupanda pamoja, wakibishana.