Moto Mdogo wa Lotoko

Wiki iliyopita nilimchapa mteja kwa mwiko mbele ya watu, na sijutii hata kidogo. Nilikuwa napika lotoko, ile pombe yetu kali ya mahindi na muhogo, kwenye rejo, jiko la gazi ambalo shemeji yangu alilileta kutoka Goma. Bwana huyo alichoka kungoja, akainama, akafungulia gazi mpaka mwisho. Moto ukanguruma, ukawa wa manjano, ukalamba pipa la pombe mpaka juu. Nikamchapa ya mkono, nikamuongeza ya shingo.

"Mama, uko na wazimu?"

"Ndiyo, niko nao! Toka kwangu!"

Nikapunguza gazi, kisha nikazungusha kile kibati kinachofunika tundu la hewa chini ya rejo. Hewa ikipungua, moto unakuwa wa manjano, unatoa masizi na kula gazi bure. Ikizidi, moto unarukaruka na kuzimika. Nilizungusha polepole mpaka ukawa wa buluu, mfupi, wenye sauti ndogo. Hapo mvuke unapita kwenye mrija, unapoa, na lotoko inadondoka safi kwenye bidoni, dumu letu la plastiki. Moto ukiwa mkali, pipa linatapika: uji unapanda kwenye mrija, unashuka mweupe, na hakuna wa kuunywa.

Kazi hii nilifundishwa na mama. Wakati wa vita tulipikia kuni nyuma ya nyumba, hapa hapa Kindu. Asubuhi moja askari waliingia uani wakifuata harufu. Walimkamata kaka yangu mkubwa, wakamfunga mikono kwa kamba ya mbuzi, wakamvunja taya kwa kitako cha bunduki. Kamanda wao akaweka bidoni tupu mbele ya mama.

"Jaza. Ikijaa, tunamuacha mutoto wako. Ikiwa mubaya, tunamumaliza hapa hapa. Ongeza kuni!"

"Baba, nikiongeza itaharibika."

Alimchapa mkanda wa uso. Halafu akasukuma kuni motoni kwa buti lake. Mama akazitoa kwa mikono mitupu, zinawaka, na ngozi ya viganja vyake ikabaki kwenye kuni. Kamanda akazirudisha, mama akazitoa tena. Jamani, mtu anapigwa hivyo na bado macho yake yako kwenye moto!

"Imejaa?" kamanda aliuliza kila mara.

"Bado, baba."

Na kila "bado" ilikuwa na mkanda wake. Damu ilimwingia mama machoni, akaifuta kwa bega, akaendelea kuchungulia mrija. Mimi nilikuwa nimebanwa ukutani, buti la askari mmoja juu ya mguu wangu. Niliomba pipa lipasuke, liwachune ngozi wote, mbwa wale. Mama hakuomba hivyo. Yeye alitaka lotoko nzuri, basi, kwa sababu mwanawe alikuwa amepiga magoti pale akitema meno.

Bidoni ikajaa. Kamanda akamimina kidogo kwenye kifuniko, akawasha kiberiti. Ikawaka buluu, bila moshi.

"Mama, unajua kazi," akasema, akacheka.

Wakamfungua kaka kamba. Mama akaanguka miguuni pao akishukuru, asante baba, asante baba, na mikono yake ile iliyoungua. Ndipo wakamtwika kaka ile bidoni kichwani. Walihitaji mtu wa kuibeba. Wakaondoka naye kwa njia ya Kibombo, wakimpiga mateke kila alipoyumba. Hakurudi.

Mama bado yuko hai. Macho yamekufa, lakini kila ninapopika anataka kiti chake kiwe karibu na rejo, asikilize. Siku ile mteja alipofungulia gazi, mama alishika kichwa akapiga mayowe, na ndiyo maana mwiko wangu haukuchagua pa kupiga. Nilipotuliza moto, naye akatulia. Tukakaa hivyo mpaka mchana. Halafu akaniuliza lile swali lake la siku zote.

"Bidoni imejaa?"

Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni.

"Bado, mama," nikamjibu.